Olkaria: Kupiga mbizi palipokauka maji

Ukitaja kupiga mbizi mbele ya mkazi wa Nairobi au Nakuru, mawazo yake hukimbilia pwani. Ataona mashua, miwani ya kuzamia, mtungi wa hewa mgongoni, na samaki wa kila rangi wakipita katikati ya matumbawe. Hakosei. Mbuga za baharini za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, na ni miongoni mwa za kwanza kabisa barani Afrika. Huko Watamu, penye mlango wa mkono wa bahari wa Mida, yako mapango chini ya maji ambamo tewa wakubwa hupenda kujificha gizani, na wapiga mbizi husafiri kutoka mbali kwenda kuwatazama.

Lakini leo, msomaji mpenzi, hatuendi Watamu. Twende Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, ambako bahari haipo na hakuna anayekodisha mitungi ya hewa. Kilichopo ni korongo refu na jembamba linaloitwa Njorowa, ndani ya mbuga ya Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu. Ukishuka humo utakuwa unatembea juu ya kitanda cha mto uliokauka maelfu ya miaka iliyopita, kuta zake zikiwa zimelainishwa na maji kama mapango ya baharini. Na ukitaka kurudi nyumbani salama wewe na wanao, itakupasa kufuata kanuni zilezile wanazofuata wapiga mbizi. Mwishoni mwa makala haya utaona kwa nini.

Njia ya kufika

Ukitoka Nairobi zipo barabara mbili. Ya juu hupita Limuru. Ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, na njiani utaona kikanisa kidogo kilichojengwa mwaka 1942 na mateka wa Kiitaliano wa Vita vya Pili vya Dunia. Njia zote mbili zitakufikisha Naivasha baada ya kilomita 90 hivi. Wewe wa Nakuru safari yako ni fupi zaidi, kilomita 70 hivi.

Mjini Naivasha shika barabara inayozunguka ziwa upande wa kusini, iitwayo Moi South Lake Road. Utapita mashamba ya maua yaliyofunikwa kwa plastiki na vituo vya biashara vyenye shughuli tele. Kabla ya kukata kona kuelekea mbugani utawakuta vijana wenye baiskeli za kukodisha. Jaribu breki na minyororo kabla ya kulipa, kwa maana ndani ya mbuga hakuna fundi.

Lango utakaloingilia linaitwa Elsa, jina la yule simba jike maarufu aliyelelewa na Joy Adamson na mumewe George. Nyumba ya Joy, Elsamere, ingalipo kando ya ziwa hilohilo. Mbuga yenyewe ilitangazwa rasmi mwaka 1984. Si kubwa, ni kilomita za mraba 68 tu, lakini ina jambo moja ambalo mbuga nyingi za Kenya hazina: hapa unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Pundamilia watainua vichwa wakutazame. Twiga, kongoni, swala na ngiri wapo. Nyati nao wapo, na hao usiwasogelee hata wakionekana wamelala kama ng'ombe wa nyumbani.

Hatua chache baada ya lango utauona mnara wa jiwe uliosimama peke yake, wenye urefu wa mita 25 hivi. Ni mabaki ya lava iliyoganda ndani ya koo la volkano, kisha udongo wa pembeni ukamomonyoka. Mnara huo una jina la Gustav Fischer, mvumbuzi wa Kijerumani aliyefika huku mwaka 1883, mwaka uleule ambao Joseph Thomson wa Uskoti naye alikuwa akivuka nchi ya Wamaasai. Wamaasai wenyewe wana habari nyingine. Wanasimulia juu ya binti aliyekuwa akienda kuolewa, akaonywa asitazame nyuma, akageuka kuiaga nyumba yao, na papo hapo akawa jiwe. Wasimulie watoto hadithi hiyo mkiwa mmekaa chini ya mnara, kisha uwaulize ni ipi wanayoipenda zaidi.

Ziwa lisilo na mlango

Kabla ya kushuka korongoni, kuna fumbo la jiografia linalowafaa wanafunzi. Maziwa mengi ya Bonde la Ufa nchini Kenya, kama Nakuru, Elmenteita na Magadi, yana maji ya magadi. Sababu ni kwamba mito huingia lakini haitoki. Jua hunyonya maji, chumvi inabaki, na mwaka baada ya mwaka inazidi kukolea. Ziwa Naivasha nalo hupokea maji ya mito Malewa na Gilgil, na hakuna mto hata mmoja unaoonekana ukitoka. Mbona basi maji yake ni matamu?

Jibu ni kwamba ziwa linavuja kwa chini. Maji hujipenyeza katika nyufa za miamba na tabaka za majivu ya volkano, yakachukua na chumvi yake. Sehemu ya maji hayo huelekea kusini, chini ya ardhi ya Olkaria, na wataalamu wameyatambua kwa vipimo vya kikemia ndani ya mvuke unaotoka visimani huko.

Zamani maji hayakuhitaji kupita kwa siri. Maelfu ya miaka iliyopita, wakati hali ya hewa ya Afrika ilipokuwa na mvua nyingi kuliko sasa, Naivasha lilikuwa ziwa kubwa ambalo uso wake ulisimama zaidi ya mita 100 juu ya kiwango cha leo. Likajaa hadi likafurika upande wa kusini. Mto uliotoka humo ukapita kwa nguvu katika ardhi laini ya majivu na mawe ya volkano, ukaikata kama kisu kinavyokata muwa. Kisha hali ya hewa ikabadilika, mvua zikapungua, ziwa likashuka, na mto ukakatika. Jeraha lililobaki ardhini ndilo korongo la Njorowa.

Ndani ya korongo

Sasa shuka. Njia ni ya ngazi za mawe na mteremko unaoteleza, kwa hiyo vaa viatu vyenye meno, si ndara. Ukifika chini utashangaa jinsi dunia inavyobadilika ghafla. Upepo unakoma, sauti inarudi, na ukanda wa anga juu yako unakuwa mwembamba. Mahali pengine ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta za pande zote. Tazama kuta hizo kwa makini: tabaka juu ya tabaka, kijivu, njano na nyekundu, kila moja ikiwa ni kumbukumbu ya mlipuko mmoja wa volkano. Utaona pia jinsi zilivyozungushwa na kuchimbwa mashimo, na mikunjo mirefu inayofuatana kama mawimbi. Kazi hiyo ni ya maji.

Endelea mbele utasikia harufu ya kiberiti, kisha utaona ukuta unaotoa jasho. Ni chemchemi za maji moto. Baadhi ni vuguvugu, nyingine zinaunguza, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mtoto asitie mkono popote kabla kiongozi wenu hajajaribu. Viongozi wa hapa ni vijana wa jamii zinazoishi jirani, na wana majina yao kwa kila kona. Watakuonyesha chumba wanachokiita cha kulala cha shetani, na udongo mwekundu ambao Wamaasai wameutumia tangu jadi kujipamba nyuso.

Katika eneo hili utaona pia vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Ni obsidiani, kioo kilichotengenezwa na volkano lava ilipopoa upesi. Watu wa zamani walikitumia kutengenezea visu na ncha za mishale, na obsidiani ya bonde hili imepatikana katika makao ya kale yaliyo mamia ya kilomita kutoka hapa. Itazame, ipige picha, kisha iache ilipo. Sheria ya mbugani ni sawa na ya kwenye matumbawe: kila mgeni akichukua kipande kimoja, mjukuu wako hatakuta kitu.

Maji yanayowasha taa

Ukitoka korongoni na kuelekea ndani zaidi ya Olkaria utaona mabomba makubwa yakipanda na kushuka vilima, na mawingu meupe ya mvuke yakinguruma. Uchunguzi wa nguvu hizi za jotoardhi ulianza miaka ya 1950. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, ukiwa wa megawati 15. Kufikia 1985 kituo hicho cha kwanza kilikuwa na megawati 45. Leo vipo vituo kadhaa, visima vingine vina kina cha kilomita 3 hivi na joto la zaidi ya nyuzi 300, na jotoardhi huipa Kenya zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake. Maendeleo hayo yamekuwa na gharama yake pia: mwaka 2014 familia za Wamaasai wa vijiji vinne zilihamishwa ili kupisha mitambo mipya.

Linalotuhusu katika safari yetu ni hili. Mvuke huo ni maji. Mvua iliyonyesha kwenye milima ya Nyandarua iliingia Malewa, ikakaa Naivasha, ikazama ardhini, ikakutana na mawe ya moto, ikapanda tena ikiwa na nguvu za kuzungusha mtambo. Huenda taa unayosomea makala haya inawashwa na maji hayo. Ukitembea Olkaria una maji chini ya miguu yako, hata kama mdomo wako umekauka kwa vumbi.

Siku maji yaliporudi

Watu wa pwani husema maji yakijaa hupwa. Njorowa inatufundisha upande wa pili wa methali hiyo: maji yaliyopwa huweza kujaa.

Mwezi wa Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kilikwenda kutembea korongoni. Mafuriko ya ghafla yakawakuta humo, na vijana saba wakapoteza maisha. Huenda mtu akasema Aprili ni mwezi wa masika, walipaswa kutarajia mvua. Lakini tarehe 1 Septemba 2019, Jumapili, wakati ambao si wa mvua za masika wala za vuli, maji yalishuka tena. Watalii sita walisombwa wakafa, pamoja na kiongozi wao wa mahali hapo. Baada ya msiba huo Shirika la Huduma za Wanyamapori lilifunga korongo.

Jambo hilo hutokeaje? Korongo ni kama mrija chini ya faneli. Mvua inaponyesha kwenye miinuko ya jirani, udongo wa majivu hauwezi kuyameza maji yote kwa mara moja. Yanateremka mabonde madogo madogo, yanakutana, kisha yote yanalazimika kupita katika ufa ambao upana wake mahali pengine ni wa mikono ya mtu mmoja. Kina kinapanda kwa dakika chache. Aliye ndani huenda haoni tone la mvua, na ukanda wa anga juu yake bado ni wa buluu. Ishara ya kwanza huenda ikawa ngurumo anayodhani ni lori barabarani.

Na usidhani ni Njorowa peke yake. Bonde la Ufa lote lina tabia hiyo. Mwaka 2020 Ziwa Naivasha lilivimba likawahamisha watu makwao katika mtaa wa Kihoto. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli yalibomoa njia na kuua makumi ya watu waliokuwa wamelala. Ni barabara ileile unayopita ukienda Naivasha kwa njia ya chini.

Kanuni za mpiga mbizi

Sasa turudi kwa wapiga mbizi. Anayezamia kwenye matumbawe ya wazi, akipatwa na shida, njia ya kupanda hadi juu haijazibwa. Anayezamia pangoni hana njia hiyo. Juu yake ni mwamba, na mlango ni ule alioingilia. Kwa hiyo wapiga mbizi wa mapangoni hufundishwa kugawanya hewa ya mtungi mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kuingilia. La pili ni la kutokea. La tatu haliguswi, ni akiba ya dharura.

Njorowa ni pango lisilo na paa. Anga unaliona lakini huwezi kulifikia. Basi fanya kama wao.

Kwanza, gawanya saa zako. Ikiwa una saa tatu za mwanga na nguvu, saa moja ni ya kwenda, moja ya kurudi, na moja ni ya mtoto aliyechoka au mguu ulioteguka. Familia nyingi hutumia saa zote kwenda, kisha hurudi zikikimbia.

Pili, usiingie bila kiongozi anayelijua korongo, na usiwe mbali naye. Mwombe akuonyeshe mapema mahali pa kupandia, kwa sababu vipenyo hivyo ni vichache. Kila mnapopita kimoja, waulize watoto: maji yakija sasa hivi, tunarudi nyuma au tunakwenda mbele? Wataufurahia mchezo huo, na siku ya hatari watakuwa na jibu.

Tatu, tazama miinuko, si anga lililo juu ya kichwa chako. Kabla ya kushuka, simama mahali palipo wazi uangalie pande zote. Ukiona wingu jeusi juu ya Longonot au vilima vya Olkaria, hata kama mahali uliposimama pana jua kali, usishuke. Uliza pia langoni kama korongo liko wazi siku hiyo, na kama mvua ilinyesha usiku uliopita.

Nne, na hii ndiyo ngumu kuliko zote: kubali kugeuka. Mpiga mbizi mzuri huacha pango zuri mbele yake kwa sababu kipimo cha hewa kimefika alama. Haoni aibu. Kwetu sisi mambo huwa tofauti. Tumechanga pesa za matatu tangu mwezi jana, tumelipa langoni, tumepika chapati usiku, na wenzetu wa kanisani au wa darasani wanatungoja. Mtu mmoja akisema turudi, anaonekana mwoga. Wewe mzazi au mwalimu ndiwe unayepaswa kulibeba neno hilo. Liseme mapema, mkiwa bado nje, ili kila mmoja ajue kwamba kurudi ni sehemu ya mpango.

Siku korongo likifungwa

Wala usidhani safari itakuwa ya bure. Panda baiskeli utazame magenge mekundu ambamo tumbusi hutaga na kulea makinda. Waonyeshe watoto mitambo ya mvuke ukiwa barabarani. Kisha wapeleke kwenye bwawa la kuogelea la Olkaria, lililofunguliwa mwaka 2013 na kampuni ya umeme ya KenGen. Maji yake ya rangi ya samawati yenye ukungu yanatoka kwenye visima vya mvuke, yakiwa yamepozwa hadi kiwango cha kuogelea. Yana madini, kwa hiyo yasiingie machoni, na kunyweni maji safi ya kutosha kwa sababu joto huchosha upesi.

Jioni, mkirudi kwa barabara ya ziwa, simameni ufuoni Kamere mle samaki wa kukaanga. Mtazame ziwa pamoja. Waambie watoto kwamba hayo ndiyo maji yaliyolichonga korongo, na ndiyo yanayopita sasa hivi gizani chini ya Olkaria yakielekea kwenye mitambo. Wakiuliza ni lini yatapita tena juu, waambie ukweli kwamba hakuna ajuaye siku wala saa, na kwamba ndiyo sababu leo mliangalia vilima kwanza. Safari njema.